Niliingia siasa kwa jambo moja, sasa akili iko kila mahali. Yoga itanisaidia?

*"Mwalimu, pole na kazi. Mimi ni mjumbe wa kuchaguliwa kwenye baraza, muhula wa kwanza, na umeshavuka nusu. Niliingia siasa kwa jambo moja tu, maji safi kwa watu walionichagua, na leo nikijiuliza nimefika wapi na hilo jambo sina jibu. Nikiamka nashika simu, meseji zimejaa, huku kuna mtu kanisema kwenye grupu, huku chama kinataka tamko, mpaka mchana nimeshajibu watu kibao na kazi yenyewe sijaigusa. Juzi kwenye kikao cha bajeti nilisoma ukurasa mmoja mara nne bila kuelewa kitu maana kichwani nilikuwa nagombana na mpinzani wangu. Rafiki aliniambia yoga ina mazoezi ya kukusanya akili, nikajaribu wiki kadhaa, lakini nikifumba macho mawazo ndo yanazidi, naona akili yangu haifai kwa hii kitu. Halafu kuna mawili yananitisha: dini yangu, na pia naogopa nikitulia sana nitapoa wakati siasa inataka mtu mwenye moto. Nipe ukweli, niendelee au niache?"*

Mheshimiwa, ahsante kwa kuandika wazi namna hii. Jibu fupi ni kwamba uendelee, lakini sio kwa namna ulivyokuwa unafanya, na kuna sehemu ya tatizo lako ambayo yoga haitaigusa kabisa, hiyo nitakwambia pia.

Tuanze na hilo la akili yako kutofaa, maana ndo linalowafukuza watu wengi kabla hata hawajaanza. Ulikaa, ukafumba macho, mawazo yakazidi. Hayakuzidi. Yalikuwepo siku zote ila ulikuwa huyaoni kwa sababu ulikuwa unakimbia nayo, sasa umesimama ndo unayaona yakipita. Watafiti wawili wa Marekani, Killingsworth na Gilbert, mwaka 2010 walichapisha utafiti ambao watu waliulizwa kupitia simu zao nyakati tofauti za siku wanafanya nini na wanawaza nini, na karibu asilimia 47 ya nyakati hizo akili ilikuwa inawaza kitu kingine kabisa, sio kile mtu anachokifanya. Hao ni watu wa kawaida, sio wanasiasa wenye grupu kumi za WhatsApp. Na malalamiko yako ni ya zamani sana, kwenye Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 6, shujaa Arjuna anamwambia mwalimu wake Krishna kwamba akili ni ngumu kuishika kama upepo, na Krishna hamkatalii wala hamwambii wewe ni dhaifu, anakubali kwamba ni ngumu, halafu anataja vitu viwili tu: mazoezi ya kurudia rudia, na kuachilia. Mistari michache kabla ya hapo alishasema kazi yenyewe ni ipi, kila akili inapotoroka irudishwe. Hakusema isitoroke.

Hapo ndo penye siri yote. Dharana, ambayo ni hatua ya sita kati ya hatua nane za yoga za Patanjali, mwalimu wa zamani wa India, yeye anaieleza kwa sentensi moja tu mwanzoni mwa sehemu ya tatu ya sutra zake, yaani mafundisho yake ya sentensi fupi fupi, kwamba ni kuifunga akili mahali pamoja. Mimi huwa naona ni kama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi, anatembea, anafika mwisho wa kamba, anarudi, anatembea tena, na hakuna mtu anayemlaumu kwa kutembea. Kila ulipogundua kwamba umeshapotea kwenye mawazo, ukarudi, hapo ulikuwa umefanya zoezi lenyewe, na kama dakika kumi ulipotea mara hamsini ukarudi mara hamsini basi umefanya zoezi mara hamsini. Wewe ulikuwa unahesabu kupotea, hesabu kurudi.

Na kwa mtu wa siasa hii ni habari njema sana, kwa sababu kazi yako haitakaa siku moja ikupe masaa matatu ya utulivu, utakatizwa tu, ndo asili ya kuwa mtumishi wa watu, mtu akija na shida yake huwezi kumwambia subiri namalizia umakini wangu. Kwa hiyo unachohitaji zaidi ni uwezo wa kurudi haraka baada ya kukatizwa, kuliko uwezo wa kukaa muda mrefu bila kukatizwa.

Sasa tuingie kwenye chanzo chenyewe. Mwaka 2009 mtafiti anaitwa Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, hasa kama ile ya kwanza hakuimaliza, sehemu ya akili yake inabaki kule nyuma na kazi mpya inafanyika vibaya. Meseji yako ya asubuhi ni kazi ambayo haijaisha. Umesoma tusi, umejibu, unasubiri atasema nini, umeingia kikaoni, mwili uko kwenye bajeti na nusu ya akili iko kwenye grupu inasubiri jibu. Ndo maana ukurasa mmoja unausoma mara nne. Na simu yenyewe inazidisha kwa sababu hujui safari hii ukiifungua utakuta sifa au matusi, na huko kutojua ndo kunakufanya uifungue tena na tena.

Lakini ndugu yangu, naomba unisome vizuri hapa. Kelele sio mwizi mkubwa. Angalia ulichoandika mwenyewe, kwenye kikao cha bajeti hakuna aliyekupigia simu, ulikuwa unagombana na mpinzani wako kichwani. Patanjali anataja vitu vitano vinavyoisumbua akili, na viwili kati ya hivyo ndo vinamla mwanasiasa akiwa hai: kung'ang'ania kinachotupendeza na kuchukia kinachotuumiza. Kwa lugha ya kazi yako, kiu ya kusifiwa na hasira kwa anayekupinga. Gita sura ya 2 inaonyesha mtiririko wake hatua kwa hatua: mtu anakiwaza kitu mara kwa mara, anashikamana nacho, kushikamana kunazaa tamaa, tamaa ikizuiwa inazaa hasira, hasira inaleta kuchanganyikiwa, akichanganyikiwa anasahau, akisahau busara inapotea na mtu mwenyewe anaangamia. Kuna neno kusahau hapo katikati. Anasahau nini? Kwako wewe ni maji. Uliingia kwa ajili ya maji, ukasifiwa, ukazipenda sifa, mtu akakupinga, ukakasirika, na sasa unajua kila alichosema mpinzani wako wiki hii lakini hujui faili la maji liko ofisi gani.

Nimefundisha watu wa siasa na watu wa kazi nyingine, na hawa wa siasa huwa wanakubali haraka hilo la hasira, lile la sifa wanalikwepa. Usilikwepe. Kuangalia mara ngapi hotuba yako imesambazwa kunakutoa kwenye kazi sawasawa na kusoma matusi, tena kunakutoa zaidi kwa sababu tusi linauma ukaliacha, sifa ni tamu unarudi.

Kwa sababu hiyo hatua nane za Patanjali hazianzi na kufumba macho. Zinaanza na yama, ambazo ni kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia na tamaa za mwili, na kutojilimbikizia. Watu huruka hapo wakiona ni mahubiri tu, kumbe ni sehemu ya utaratibu wenyewe. Mtu aliyesema uongo asubuhi lazima mchana akumbuke alimwambia nani nini, aliyechukua pesa isiyo yake anasikiliza kila hatua ya mlango, umakini atautoa wapi? Na kuna jambo jingine lazima niseme bila kuficha, kukaza akili ni uwezo tu, mtu mbaya akijifunza atakuwa mbaya mwenye umakini. Simfundishi mtu dharana ili amalize wapinzani wake.

Hilo la kupoa nalo nitalijibu kwa mifano, maana hofu yako ni ya kweli. Aurobindo alikuwa mwanasiasa mkali wa kupinga utawala wa Waingereza India. Januari 1908 alikaa siku chache kule Baroda na mwalimu wa yoga aitwae Vishnu Bhaskar Lele, akili ikatulia kimya kabisa, halafu akatakiwa kuhutubia mkutano Bombay na hana hata wazo moja kichwani. Akamuuliza mwalimu afanyeje, akaambiwa asimame, awasalimu watu, asubiri, maneno yatakuja, na kwa maelezo yake mwenyewe yalikuja. Hakupoa, miezi michache baadae Waingereza walimkamata na akakaa jela ya Alipore karibu mwaka mzima. Lakini nikupe na upande wa pili ili usiseme nilikuficha: mwaka 1910 aliondoka akaenda Pondicherry na siasa akaiacha, maisha yake yaliyobaki yakawa ya yoga. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana ukitulia ukagundua hutaki tena hii kazi. Sio wengi wanafika huko ila ni moja ya mambo unayoweza kuyakuta, na bora ulijue.

Gandhi yeye alibaki ndani ya siasa mpaka mwisho, na Jumatatu ilikuwa siku yake ya kutosema, mtu akija na jambo anamwandikia kwenye karatasi. Mimi napenda zaidi kumtaja kwa kitu kingine. Januari 1930 alitoa madai kumi na moja kwa serikali ya kikoloni, kodi ya chumvi ikiwa mojawapo tu, halafu akachagua hilo moja. Wenzake wengine walishangaa, nchi inadai uhuru wewe unaongelea chumvi? Akatoka kwa miguu tarehe 12 Machi, akatembea kilomita karibu 390 mpaka Dandi, na tarehe 6 Aprili akaokota chumvi pwani, watu kwa maelfu wakafuata kuvunja ile sheria. Hiyo ndo akili iliyofungwa mahali pamoja kwenye siasa, na sioni popote moto ulipopungua.

Na kama mifano ya India iko mbali na wewe, Mandela akiwa Robben Island alimwandikia mkewe Winnie barua Februari 1975, yeye Winnie nae akiwa gerezani, akamshauri awe anatafakari kila siku kama dakika 15 kabla ya kulala, na akamwambia mwanzoni itakuwa ngumu. Hakuiita yoga, alikuwa anaongelea kujichunguza, lakini nani anaweza kusema Mandela alipoa.

Sasa ufanye nini. Kabla hujaishika simu asubuhi, na hili la kabla ya simu ndo la lazima kuliko yote mengine, kaa kwenye kiti cha kawaida mgongo ukiwa wima, huhitaji kukunja miguu. Pumua kwa pua taratibu, vuta kama sekunde tano, toa kama sekunde tano, bila kubana pumzi katikati, dakika mbili tatu hivi. Hiyo inakupeleka kwenye pumzi kama sita kwa dakika, mwendo ambao mapigo ya moyo na presha vinaanza kwenda pamoja na pumzi na mwili unashuka kutoka kwenye hali ya vita. Baada ya hapo acha kuiongoza pumzi, weka akili sehemu moja, pale puani hewa inapoingia na kutoka, au neno moja unalolirudia kimoyomoyo. Ukipotea rudi. Dakika kumi zinatosha, usifanye arobaini Jumapili ukaacha wiki nzima, Patanjali mwenyewe anasema mazoezi yanashika mizizi yakifanywa muda mrefu, bila kukatika, na kwa moyo, na hapo kwenye bila kukatika ndo watu wa ratiba zako wanaanguka.

Ukimaliza, usinyanyuke. Andika sentensi moja ya kazi ya leo. Na maji sio sentensi, maji ni kubwa mno akili haina pa kujifunga. Sentensi ni: leo nataka kujua fungu la mradi wa maji limewekwa ukurasa gani wa bajeti na nani ana saini. Hiyo unaweza kurudi kwayo mara ishirini kwa siku, ukitoka kwenye simu unajiuliza nilikuwa naenda wapi, unarudi. Wengi wanaipuuza hii sehemu wakiona ni ya ofisini, lakini bila hiyo unakuwa na akili iliyotulia asubuhi na isiyo na pa kwenda mchana.

Kuhusu simu, hatua ya tano, ile iliyo kabla tu ya dharana, inaitwa pratyahara, kuzirudisha hisia ndani, na kwako tafsiri yake ya kila siku ni kuamua saa za kusoma meseji, tuseme mara tatu kwa siku, notifikesheni za magrupu uzime zote na mtu mmoja unayemwamini awe ndo anakuletea la dharura. Wewe ni mjumbe wa watu, huwezi kuzima simu ukapotea, lakini watu wanahitaji upatikane, hawahitaji upatikane kila sekunde.

Kikaoni tumia pumzi kama kipimo. Patanjali anasema akili ikitawanyika inakuja na huzuni, kukata tamaa, mwili kutetemeka na pumzi kuvurugika. Kwa hiyo mpinzani akisimama na ukasikia pumzi imepanda kifuani, hapo hapo ujue umeshaanza kutoka, hujachelewa bado, toa pumzi moja ndefu kuliko uliyovuta, halafu msikilize mpaka amalize sentensi bila kuandaa jibu. Kusikiliza hivyo ni dharana kamili kabisa, kitu ulichojifunga nacho ni maneno ya mwenzako. Utashangaa pia mara ngapi alikuwa anasema kitu tofauti na ulichokuwa unakijibu.

Na kuna sutra moja, ya 33 kwenye sehemu ya kwanza, mimi ningependa kila mtu wa siasa aijue kwa moyo. Inasema akili inatulia ukiwa na urafiki kwa wenye furaha, huruma kwa wenye dhiki, kufurahi kwa ajili ya watenda mema, na kutoyumbishwa na watenda maovu. Angalia ilivyo ngumu kwako: mwenzako wa chama kingine kapata mradi kwenye eneo lake, unaweza kufurahi? Mtu mla rushwa kakutukana, unaweza usiyumbe? Kutoyumba hakumaanishi kumwacha, mpeleke kwenye kamati, leta ushahidi, piga kura dhidi yake, ila usilale nae kichwani usiku kucha.

Kwenye dini sitakudanganya kwamba yoga haina uhusiano na dini. Imekulia India ndani ya mila za Wahindu, na Wabudha na Wajaini nao wana zao, na Patanjali anataja kujikabidhi kwa Mungu kama njia mojawapo. Lakini kitu cha kujifunga nacho unachagua wewe, inaweza kuwa pumzi tupu, inaweza kuwa neno la dini yako mwenyewe. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi walipima watu wanaosali rozari kwa Kilatini na wanaorudia mantra ya yoga, yaani maneno ya kurudia rudia, vyote vikashusha upumuaji mpaka kama mara sita kwa dakika na moyo ukafuata. Mwili hauulizi lugha. Dhamiri lakini inauliza, kwa hiyo kama bado una wasiwasi muulize kiongozi wako wa dini kabla ya kuendelea, na akikwambia hapana, zile saa za simu na ile sentensi moja hazina dini, zichukue hizo.

Sasa ile sehemu ambayo yoga haigusi. Kama unalala masaa manne, hakuna dharana, lala kwanza. Kama huna mtu wa kukusaidia kupanga barua na miadi, tatizo ni la kiofisi, tafuta msaidizi hata wa nusu siku. Kama meseji zina vitisho vya kukudhuru wewe au familia yako, hizo sio za kupumua zikapita, zihifadhi na upeleke polisi. Na baadhi ya kuvurugika kwako ni haki tu, watu wana shida, inabidi zikuume.

Kuna hali nyingine ambazo nataka umuone daktari au mtaalamu wa afya ya akili ana kwa ana, sio kusoma majibu kama haya. Kama kutotulia huku unako tangu utotoni, shuleni na nyumbani, sio tangu uingie siasa tu. Kama wiki mbili au zaidi huna hamu ya kitu, hulali, hula, au umeanza kuwaza bora usiwepo, basi usisubiri hata kesho. Kama umewahi kupitia jambo zito la kutisha na ukifumba macho linarudi lote, fanya macho yakiwa wazi ukiangalia kitu mbele yako, na uache kabisa kama inazidi. Waliowahi kusikia sauti, kuona vitu visivyokuwepo, au kupandwa na furaha isiyo ya kawaida mpaka hawalali, wasiende kwenye kambi za kutafakari siku nyingi bila ruhusa ya daktari wao, kwa baadhi ya watu mazoezi marefu yameleta matatizo. Zile pranayama, yaani mazoezi ya pumzi, za kubana pumzi na za kupumua kwa kasi usizijaribu kwa video, hasa mwenye presha, kifafa, ugonjwa wa moyo au mjamzito. Ukitaka kwenda huko tafuta mwalimu wa kuonana nae, muulize alijifunza wapi na kwa muda gani, na akikuahidi kushinda uchaguzi ondoka. Presha yako pia, kwa kazi yako na umri wowote uliofika, kama hujaipima karibuni kapime wiki hii.